Tupeane uzoefu: albamu ya muziki wa Kikelti au wa Kaskazini iliyokuteka masikio

Mwanzilishi wa mada, Glasgow

Ndugu zangu, nimesita kwa muda mrefu kuuliza jambo hili, kwa kuwa kila nikilitaja mbele ya Waswahili wenzangu hutazamwa kama mtu aliyepotea njia. Je, kuna wengine kati yenu wanaoupenda muziki wa asili wa Ireland, Uskoti, Bretagne ya Ufaransa, au wa nchi za Kaskazini kama Norwei, Uswidi na Ufini? Sizungumzii wimbo mmoja uliosikika katika filamu, bali albamu nzima, inayosikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Naomba kila mmoja aeleze ni albamu gani iliyomvuta, na ni kitu gani hasa alichokisikia ndani yake.

Nianze mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nilifika Glasgow wakati wa baridi kali, nikapanga chumba kwa bibi mmoja ambaye sebule yake ilijaa santuri. Jioni moja aliweka albamu ya kwanza ya The Bothy Band, kundi la Ireland, ile ya mwaka 1975. Kipande cha kwanza kinaanza kwa jig, ambayo ni ngoma ya mapigo sita yanayogawanywa katika mafungu mawili ya matatu, na kabla sijauliza lolote mguu wangu ulikuwa tayari unagonga zulia. Nilijiambia kwamba hii ni chakacha iliyovaa koti. Kisha, pasipo kusimama wala kupumua, wanamuziki wakaruka kutoka hesabu ya tatu kwenda hesabu ya nne, fidla na filimbi zikienda sambamba kana kwamba zinapigwa na mkono mmoja. Bibi aliniambia nisubiri upande wa pili, nami nikasahau chai yangu mpaka ikapoa.

Mchangiaji, Kakamega

Dada, hujapotea peke yako. Mimi niliingia kupitia kaseti ya kundi la The Chieftains aliyokuwa nayo mtawa mmoja kutoka Ireland aliyetufundisha hesabu. Siku za Ijumaa alitupigia filimbi ya bati yenye matundu sita, halafu alituwekea kaseti hiyo ili tusikie filimbi hiyohiyo ikipigwa na watu wanaojua kweli, kama alivyosema mwenyewe kwa unyenyekevu.

Sauti iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya zumari ya Paddy Moloney, mtu aliyeanzisha kundi hilo Dublin mwaka 1962. Nilidhani kwamba zumari zote za kiriba hupulizwa kwa mdomo, kama zile za wanajeshi wa Uskoti, lakini ile ya Ireland hutiwa hewa kwa mvukuto mdogo unaofungwa kiunoni na kubanwa kwa kiwiko. Ndiyo maana sauti yake haigombani na chumba, na mpigaji anaweza hata kuzungumza huku akipiga. Jina lake lenyewe, uilleann, linatokana na neno la Kiairishi lenye maana ya kiwiko. Nilipoeleza hayo nyumbani, mjomba wangu aliyekuwa mhunzi alicheka sana kwamba Wazungu wamechukua kifaa chake cha kufulia majembe wakakifanya ala ya muziki.

Kaseti ile ililiwa na redio ya shule. Tuliuvuta utepe wote nje, tukaurudisha kwa kalamu, na tangu siku hiyo wimbo mmoja ulikuwa ukizama katikati kama mtu aliyetumbukia kisimani, kisha ukaibuka tena. Nilipokuja kuusikia ukiwa mzima, miaka mingi baadaye, nilihisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Mchangiaji, Kisumu

Mimi nilipita mlango ambao huenda wengi wenu hamuujui. Mwaka 1996 kundi la Afro Celt Sound System lilitoa albamu ya Volume 1: Sound Magic, na miongoni mwa waliosikika ndani yake ni mwenzetu Ayub Ogada na nyatiti yake. Nilikuwa nikimtafuta yeye, sikuwa nikitafuta Ireland. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu ili agonge nayo ubao wa ala, hivyo mtu mmoja huwa kinubi na ngoma kwa wakati mmoja. Kumsikia karibu na uimbaji wa Iarla Ó Lionáird, ambaye amelelewa katika sean-nós, yaani ule uimbaji wa kale wa Kiairishi usio na ala yoyote, kulinifanya nitafute waimbaji wengine wa namna hiyo, na ndiyo safari ninayoendelea nayo mpaka leo.

Nitasema ukweli kuhusu albamu yenyewe: midundo ya kompyuta imezidi, na mara nyingi inafunika vidole ambavyo ningependa kuvisikia. Anayetaka kumsikia Ogada bila pazia hilo aanze na En Mana Kuoyo ya mwaka 1993.

Mchangiaji, Tromsø

Mimi ni mtu wa Bukavu. Hapa Norwei mwalimu wangu wa lugha alinipa Gula Gula ya Mari Boine, iliyotoka mwaka 1989, akaniambia kwamba hicho si Kinorwei, ni Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini. Boine alilelewa katika nyumba ya Wakristo wenye msimamo mkali, walioiona joik, yaani uimbaji wa jadi wa Wasami, kuwa dhambi. Babu yangu pia aliambiwa aache ngoma siku alipobatizwa, akaiacha, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kutuimbia alichokuwa akiimba. Wasami husema kwamba joik haimwelezi mtu, bali humleta. Kwa hiyo siisikilizi albamu hiyo nikiwa na wageni.

Mchangiaji, Malindi

Niwie radhi, dada wa Glasgow, lakini hilo la chakacha umelikuza. Nimepiga ngoma katika harusi kwa miaka mingi, na utamu wa chakacha unatokana na kwamba ngoma moja inahesabu mbili huku nyingine ikihesabu tatu, na mchezaji anachagua aifuate ipi kwa kiuno. Katika jig wote wanakubaliana, na ngoma hufuata wimbo tu.

Undugu ninaousikia mimi uko katika nyimbo za kazi. Wanawake wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti walikuwa wakiketi kuzunguka meza na kuibamiza sufu iliyolowa ili ishikane, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Wimbo mmoja wa aina hiyo, uliopigwa na Capercaillie, kundi la Uskoti, uliingia katika nyimbo 40 bora za Uingereza mwaka 1992, ukiwa wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika hapo. Hebu usikilize huku ukikumbuka wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja.

Mwanzilishi wa mada, Glasgow

Kaka wa Malindi, nimeusikiliza mara nne na ninakubali nusu. Nusu nyingine ninaishikilia, kwa sababu ya mguu wangu.

Nikuongezee moja la ngoma, kwa kuwa ni kazi yako. Bodhrán ya hapa huwambwa kwa ngozi ya mbuzi, kama zetu. Kwetu huisogeza ngoma kwenye moto ili ikaze. Wiki iliyopita nilimtazama mpigaji katika baa iliyojaa watu na joto: alichovya vidole katika glasi ya maji, akaipangusa ngozi kwa nyuma, akasubiri kidogo, akaigonga mara moja na kusikiliza, kisha akaipangusa tena.