Nani hujenga tabia ya timu ya hoki ya barafu?

Muulizaji: Je, utamaduni wa chumba cha kubadilishia nguo hutokana na kocha, au na uongozi uliomwajiri?

Jibu la 1: Huanzia kwa mwajiri. Mwaka 2023 kocha Mike Babcock alijiuzulu Columbus Blue Jackets, timu ya hoki ya barafu ya Marekani, kabla ya kuongoza mechi hata moja, baada ya kubainika kwamba aliwaomba wachezaji wamwonyeshe picha zilizomo kwenye simu zao. Na kijana anayepigania namba atamkatalia vipi mpanga kikosi?

Jibu la 2: Naafiki, ingawa nahodha naye ana sehemu yake. Kocha akimkaripia mchezaji mbele ya wenzake, macho yote humgeukia nahodha.

Muulizaji: Basi mchezaji amlalamikie nani, ikiwa meneja mkuu ndiye aliyemleta kocha?

Jibu la 3: Chama cha wachezaji, ambacho ndicho kilichochunguza suala hilo la simu.