Jaji afutwe kazi kwa amri aliyotoa?

Wa Langoni, Lamu: Tangu jana barazani ni swali hili tu: jaji akitoa amri mbaya afutwe, au rufaa yatosha? Mimi nasema rufaa yatosha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wetu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowaletea ujenzi wa bandari ya Lamu. Kama kila amri inayowaudhi wakubwa ingemng'oa jaji, ile nani angethubutu kuiandika?

Wa Shela, Malindi: Kaka yangu, hapo sikupingi. Lakini rufaa haitibu kila kitu. Mamangu aliamka akakuta karatasi ya mahakama imebandikwa mlangoni, inamkataza kukanyaga shamba alilolima tangu ujana wake. Hakuitwa, hakusikizwa. Msimu mzima maembe yalianguka yakaoza chini, sisi tunangoja tarehe. Amri ilikuja kuondolewa. Maembe je?

Jaji alikosea au alinunuliwa, hilo ndilo nataka pawe na mahali pa kuliuliza, na Katiba imetupa, Kifungu cha 168. Unapeleka lalamiko kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Ikiona lina uzito, inalipeleka kwa Rais, naye ana siku 14 kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Jopo likisema aondoke, jaji ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu. Jaji Mutava alichunguzwa jinsi faili la Goldenberg, ile kashfa ya fedha za umma, lilivyofika mezani pake. Akaondolewa, na Mahakama ya Juu ikakubali mwaka 2019. Jaji Muya alichelewa kutoa sababu za uamuzi wake, jopo likataka aende, na mahakama hiyo hiyo ikamrudisha mwaka 2022. Kwa hiyo kukosea ni mbali, na kuipika amri ni mbali.

Wa Langoni: Pole kwa mama, dada. Lakini mlango huo tajiri naye anaujua. Akishindwa leo, kesho ameshaandika lalamiko. Jaji akisimamishwa anakula nusu mshahara mpaka jopo limalize. Huyo akirudi, kesi ya mvuvi dhidi ya serikali ataishika kwa moyo gani?

Wa Shela: Basi Tume iyatupe mapema malalamiko ya walioshindwa tu, na iandike kwa nini imeyatupa. Mamangu hataki jaji aishi kwa hofu. Anataka aitwe kabla karatasi haijabandikwa mlangoni.