Mjadala: Wakongwe waendelee kutoa nyimbo mpya, au watuimbie zilipendwa tu?

Ndugu zangu wa Tanga, habari za mchana. Jana kijiweni Ngamiani ulizuka ubishi, birika la kahawa likaisha ubishi haujaisha. Hoja ilikuwa kwamba mwanamuziki akishazeeka aache kurekodi, atuimbie tulizozizoea. Wengi waliafiki. Mimi nilikataa, na hapa nakataa tena.

Mfano wangu ni David Bowie, mwanaroki wa Uingereza. Wanaomjua humjua kwa kazi za miaka ya 1970, wakijitahidi sana wanafika 1983. Kumbe mtu yule hakutulia. Mwaka 1995 alitoa Outside, albamu nzito yenye kisa cha mauaji. Mwaka 1997, kwenye Earthling, akajitosa katika midundo ya kasi ya vijana wa London. Sisemi zote ni tamu. Ile ya 1999 siirudii mara nyingi. Juni 2004 mshipa wa moyo uliziba akiwa ziarani Ujerumani, akanyamaza. Tangu Reality ya 2003 ikapita miaka kumi bila albamu, watu wakamhesabu mstaafu. Tarehe 8 Januari 2013, siku yake ya kuzaliwa, wimbo mpya ukatoka bila tangazo, na Machi ikafuata The Next Day.

Halafu Blackstar. Ilitoka 8 Januari 2016, siku alipotimiza miaka 69. Nyimbo saba, dakika arobaini na kidogo. Safari hii aliwaita wapiga jazi wa New York, kundi la Donny McCaslin, mpuliza saksafoni. Alikuwa na saratani ya ini na wasikilizaji hawakujua. Siku mbili baadaye akafariki. Ndiyo albamu yake ya kwanza kushika namba moja Marekani, baada ya miaka yote ile!

Nilimpigia jirani yangu albamu hiyo, mzee aliyekuwa akikung'uta besi hapa mjini enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kiingereza hakijui. Wimbo wa pili unafunguka kwa pumzi, kabla ngoma hazijashika kasi. Mzee akainua kidole nisiongee. "Huyu anavuta pumzi kama anapanda ngazi," akasema, "lakini hashuki." Akaomba nirudie. Tulirudia mara tatu.

Sasa turudi kwetu. Tanga ndiyo ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarab wakati wengine wanashikilia fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi. Bi Shakila, mwimbaji wa taarab, alitoka kwao, naye tulimzika mwaka huo huo wa 2016. Kila akitajwa redioni unawekwa Macho Yanacheka. Nyimbo alizoimba uzeeni, nani hapa anaweza kunitajia mbili?

— Dada mmoja akanijibu: Kaka, nakuheshimu, ila mimi nikilipa kiingilio nataka wimbo niliochezea harusini kwangu. Bendi ikianza kitu kipya, ukumbi mzima unatoka kwenda kununua mishkaki. Bowie alikuwa na mamilioni, aliweza kujaribu. Mzee wetu akikosa watu siku mbili, hana nauli ya kurudi nyumbani.

Dada, la nauli nalikubali, na ndilo linaloniuma. Lakini mishkaki ina dawa: zilipendwa mbili, mpya moja katikati, kisha zilipendwa tena. Bowie mwenyewe mwaka 1990 alizunguka dunia na nyimbo zake maarufu, akasema anaziaga, ili apate nafasi ya mapya. Sisemi wetu waziage. Naomba wimbo mmoja katikati.

Maana yule jirani yangu ana nyimbo tatu mpya kwenye simu, gitaa na sauti yake tu. Alizipeleka kwenye kituo kimoja cha redio. Kijana wa mapokezi alimwamkia kwa adabu zote, akamwambia, "Mzee, tuletee zile za zamani."

Nyinyi mngemjibu nini?