Kwa nini chuma huwa baridi kuliko ubao wakati viko chumba kimoja?

Mdadisi_wa_Usiku:
Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linanisumbua, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Nina meza ambayo bao lake ni la mbao na miguu ni chuma kitupu, hakijapakwa rangi. Kila asubuhi nikishika bao naona liko kawaida, nikishika mguu naona baridi kabisa. Nikachukua kipimajoto chenye waya, nikakibandika kwa selotepu kwenye bao na kukiacha mpaka kikatulia. Kikasoma nyuzi 22. Nikakihamishia kwenye mguu, nikakiacha vilevile. 22.

Sasa nani muongo hapa, mkono au kipimajoto?

Kigogo_Mkavu:
Mkuu, hilo mbona halina hata mjadala. Chuma asili yake ni baridi. Ubao ulikuwa mti, mti ni kitu chenye uhai, kwa hiyo unabaki na joto lake. Chuma kinavuta baridi ya usiku na kuitunza. Hicho kipimajoto chako pengine hakikugusa vizuri.

Fundi_Majokofu:
Kigogo, taratibu kaka. Kipimajoto chake kimesema kweli. Na mkono pia umesema kweli, ila umejibu swali ambalo hakuuliza.

Mimi kazi yangu ni majokofu na viyoyozi. Kutwa nashika mabomba, moja linaunguza, jingine lina barafu. Ningekuwa naamini kiganja peke yake ningeshaua kompresa nyingi za watu, yaani zile pampu zinazoendesha jokofu.

Mdadisi, vitu vikikaa usiku kucha ndani ya chumba kimoja, mbali na jua na moto, vyote huishia kwenye halijoto moja. Bao, miguu, kitasa cha mlango, hewa yenyewe. Asiye sawa na wenzake humo ndani ni wewe. Ngozi ya kiganja chako ina kama nyuzi 33. Kwa hiyo ukishika bao au mguu, joto linatoka kwako kwenda huko. Kote kuwili, mwelekeo ni huo huo. Kinachotofautiana ni kasi.

Kuna kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha joto, wati kwa mita kwa kila nyuzi moja. Ubao mkavu uko kwenye 0.1 hadi 0.2. Chuma cha kawaida ni kama 50. Alumini 200 na ushee. Shaba inakaribia 400, ndiyo maana mabomba mengi ninayochomelea ni ya shaba. Ukigusa ubao, unapasha moto utando mwembamba wa juu tu, na joto linakwama hapo hapo, kwa sababu ubao umejaa vijishimo vya hewa na hewa ni mvivu wa kupitisha joto. Ukigusa chuma, joto likiingia linaenda zake ndani, linaacha nafasi, linafuata jingine.

Ukipiga hesabu kwa chumba chako cha nyuzi 22, pale ngozi inapokutana na ubao panatulia karibu na nyuzi 30. Pale ngozi inapokutana na chuma panashuka mpaka kama 23, papo hapo. Soma hapo mara mbili, maana wengi wanaoeleza jambo hili huishia kusema "mkono unadanganywa". Haudanganywi. Ngozi yako imepoa kwelikweli. Mkono haupimi meza, unajipima wenyewe.

Kigogo, kuhusu chuma kutunza baridi: chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Kimoja weka juu ya sinia nzito ya chuma, kingine juu ya ubao wa kukatia. Kama chuma kina baridi ndani yake, barafu ya kwenye chuma ingedumu. Jaribu, kisha urudi hapa.

Kigogo_Mkavu:
Ya kwenye sinia imeyeyuka kwanza, na kwa mbali. Sawa. Lakini mimi nina ile bastola ya kupimia joto, unaelekeza unabonyeza. Sufuria langu linalong'aa linasoma tofauti na ubao ulio kando yake, na vyote viko mezani tangu jana. Hapo unasemaje fundi?

Fundi_Majokofu:
Nasema swali zuri, na hiyo bastola imewatesa mafundi wengi.

Bastola haigusi kitu. Inasoma mionzi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye kitu, halafu inakisia halijoto. Ubao, rangi, ngozi, vyote hutoa mionzi hiyo vizuri. Chuma kinachong'aa hutoa kidogo mno, na badala yake kinaakisi mionzi ya vitu vingine. Kwa hiyo ukielekeza kwenye sufuria unasoma dari, au dirisha, au tumbo lako mwenyewe. Bomba la shaba lililosuguliwa likatakata, hata likiwa na nyuzi 60, bastola inaweza kukusomea namba iliyo karibu na joto la chumba. Mwanafunzi akiiamini anakwambia mfumo haufanyi kazi. Akilishika, ndipo anapiga kelele.

Dawa yake: bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye sufuria, subiri kidogo, kisha pima utepe.

Mama_Maabara:
Naongezea kidogo upande wa mwili, maana fundi amemaliza upande wa chuma.

Ndani ya ngozi kuna miisho ya neva inayoamshwa na baridi, na inajali sana kasi ya mabadiliko. Ngozi ikishuka ghafla, hisia ni kali. Ikishuka polepole, unaweza usione kitu. Mentoli, ile ya kwenye mnanaa na dawa ya meno, huamsha kipokezi hicho hicho cha baridi bila halijoto kubadilika hata kidogo. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, walitumia mentoli kukitambua kipokezi hicho, na mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kazi yao ya hisi za joto na mguso.

Na Mdadisi asijione yuko peke yake. Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti wa karne ya 18, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kipimajoto ndicho kinachotuonyesha vitu vya chumba kimoja vikifika halijoto moja, na akasisitiza kuwa kiasi cha joto ni jambo moja na halijoto ni jambo jingine. Kwa kugusa tu ungekataa.

Mdadisi_wa_Usiku:
Asanteni sana. Nina mawili tu. Je, chumba kikiwa na joto kuliko mkono? Na blanketi, basi, halina joto?

Fundi_Majokofu:
La kwanza: inageuka. Chumba kikifika nyuzi 33 hivi, sawa na kiganja chako, funga macho ushike bao na mguu, hutaweza kuvitofautisha kwa joto. Kikipita hapo, chuma ndicho kitakachoonekana cha moto zaidi, kwa sababu sasa joto linakuja kwako na chuma kinalileta haraka. Kule Finland watu hukaa kwenye chumba cha mvuke, sauna, chenye hewa ya nyuzi 80 na zaidi, wamekalia viti vya mbao, hawana habari. Msumari ukichomoza kwenye kiti hicho unamchoma mtu.

La pili: blanketi halitengenezi joto, linachelewesha la kwako kuondoka. Funga barafu ndani ya blanketi nene, nyingine iache wazi. Ya ndani ya blanketi itadumu zaidi. Kuta za jokofu zimejazwa povu kwa sababu hiyo hiyo, joto la nje lichelewe kuingia. Na likishaingia, jokofu linalichota na kulimwaga nje. Ya zamani hulimwaga kwenye wavu wa nyuma. Mengi ya sasa yana mabomba yaliyofichwa ndani ya kuta za ubavuni, na wateja hunipigia simu wana hofu kwamba jokofu jipya linaungua ubavuni. Nawaambia likiwa la vuguvugu hapo linafanya kazi. Waliachie nafasi tu, wasilibane na ukuta.

Kigogo_Mkavu:
Kwa hiyo nikiacha mlango wa jokofu wazi ili chumba kipoe?

Fundi_Majokofu:
Chumba kitazidi joto. Joto linaloingia kwa mbele linarudi chumbani kwa nyuma, pamoja na umeme wote unaoliwa na kompresa. Funga mlango kaka.