Naombeni ushauri: neno "perspective" niliandikie asili gani ukutani?

Fundi Rangi: Salaam ndugu zangu. Nachora Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale, kwenye ukuta wa shule moja hapa Mombasa, na pembeni yake maana na asili ya neno la Kiingereza "perspective". Mteja ataka niandike limetoka Kiarabu, kwa Ibn al-Haytham, yule mwanachuoni wa elimu ya mwanga. Je, ni sawa? Jumatatu wanakuja kukagua, usingizi sipati.

Bi Kibokoni: Mwanangu, hilo ni la Kilatini: perspicere, kutazama kwa kupenya. Kwanza lilikuwa jina la elimu ya mwanga na jicho. Kisha likaingia kwenye uchoraji, vya mbali kuonekana vidogo. Maana ya mtazamo wa mtu ndiyo changa.

Nahodha: Mimi nilichora bango la duka Kongowea, mteja akang'ang'ania maneno yake. Nikaandika, akalipa, yakaisha. Chukua hela yakhe.

Mwalimu wa Likoni: Duka si shule! Mtoto atalisoma hilo miaka na miaka. Fundi, umeuliza kama hujaanza. Umeshaandika?

Fundi Rangi: Mstari wa kwanza, ndiyo. Kwa rangi ya mafuta. Lakini sijasema uongo mwalimu! Kitab al-Manazir, kitabu chake Ibn al-Haytham, ilifasiriwa kwa Kilatini, ikaitwa De aspectibus, na pia Perspectiva. Wazungu wakajifunza humo.

Bi Kibokoni: Elimu ni yake, neno si lake. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alilitumia kwa Kilatini karne ya 6. Ibn al-Haytham kazaliwa Basra karne ya 10. Ukitaka Kiarabu, "mandhari" yetu yatoka shina moja na Manazir. Andika hilo.

Jicho Kavu: Hadithi ya kutunga hii. Shule gani ina pesa za kupamba kuta?

Nahodha: Hata mimi nimeanza kushuku. Picha iko wapi?

Fundi Rangi: Nimetunga nini? Nimepigilia msumari pale barabara inapoishia, usawa wa macho ya mtoto, nikafunga kamba yenye chaki. Kila ukingo wa roshani nauvuta kutoka hapo, nauchapa ukutani. Mistari kukutana nukta moja, kanuni aliyoiandika Alberti, mtaalamu wa sanaa wa Italia, mwaka 1435.

Jicho Kavu: Haya, tundu la msumari utaliziba na nini?

Fundi Rangi: Jasi. Na mstari wa kwanza siufuti, naongeza wa mandhari chini yake.

Bi Kibokoni: Paka rangi ya ukuta juu yake uanze upya, mwanangu. Jumatatu bado.