Re: Kozi ya kusaidia waathirika, nani kaisoma?

Mama Wawili:
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimetunza wazee huku Marekani miaka sita na mgongo umeanza kunidai. Komyuniti koleji ya karibu ina cheti cha utetezi wa waathirika na msaada wa dharura, yaani kukaa na mtu aliyepigwa au kubakwa, hospitalini, polisi, mahakamani. Kuna aliyesoma? Kiingereza kuongea naongea, kuandika bado, na hela ya kuchezea sina.

Dada wa Zamu ya Usiku:
Marahaba mdogo wangu. Mi nimeisoma, sasa napokea simu za waathirika usiku. Kabla hujalipa hata senti zungukia shelta, yaani nyumba za kuwahifadhi waliopigwa, za hapo ulipo uulize wanaajiri mtu mwenye nini, maana sehemu nyingine hawataki cheti cha koleji kabisa, wanataka mafunzo ya saa, California na Illinois ni saa 40, na zipo shelta zinafundisha bure ukikubali kujitolea. Faida ya koleji ni krediti, yaani masomo yako yanahesabiwa, ukitaka kuendelea na digrii ya ustawi wa jamii, ila wakupe kwa maandishi zipi zinahama. Ukiwa na grini kadi au ukimbizi jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ruzuku yao ya Pell ya 2024/25 ilifika dola 7,395 na hairudishwi, lakini si kila cheti kifupi kinaingia, uliza. Wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hapati hiyo.

Kuandika utajifunza. Kilichonitoa jasho ni zoezi la simu. Mwenzangu kajifanya mke aliyepigwa, mi nikaingia kishangazi, pole mama, umeshaongea na wazee wa upande wake? Mwalimu akanikatisha palepale. Unaanza na uko salama sasa hivi, aliyekupiga yuko wapi, halafu unamwekea njia zilizopo na anachagua mwenyewe, hata akichagua kurudi. Nilinuna wiki nzima, sisi tumelelewa kushauri bwana.

Jingine, anayepiga akisikia Kiswahili anaweza kukata simu, anaogopa unamjua mumewe. Siku hizi natanguliza, nikikukuta harusini sikujui mpaka unisalimie wewe. Na si hisani yangu, shelta inayopokea hela za VAWA, sheria ya Marekani ya ukatili dhidi ya wanawake, hairuhusiwi kutoa jina lake bila yeye kuandika kwamba amekubali, labda pale sheria inapolazimisha, kama mtoto anadhuriwa.

Mzee wa Lori:
Mnafundishwa kuvunja ndoa tu huko.

Dada wa Zamu ya Usiku:
Shikamoo mzee. Wanaume nao wanapiga simu, tena wanalia. Tuendelee.

Wengi wamebanwa na makaratasi, mume kamwambia ukienda polisi utarudishwa kwenu. Tangu 1994 mke wa raia au wa mwenye grini kadi akiteswa anaweza kujiombea makaratasi mwenyewe bila mume kujua, na kuna viza ya U kwa aliyetendewa uhalifu akasaidia polisi, ila zinatoka 10,000 tu kwa mwaka kwa hiyo foleni ni ya miaka. Wewe unamwambia kwamba zipo, basi. Fomu hujazi, unampeleka kwa mwanasheria wa uhamiaji. Watakuita wakili, kila mara sema mi si wakili.

Kaka Mhasibu:
Kwenye intaviu uliza mshahara unatoka mfuko gani na unaisha lini. Kazi nyingi za hivi zinaegemea mfuko wa waathirika wa uhalifu wa sheria ya VOCA ya 1984, unaojazwa na faini za wahalifu wa kesi za serikali kuu, si kodi, faini zikishuka watu wanapunguzwa. Mke wangu yalimkuta.

Mama Wawili:
Ahsanteni sana. Nimepiga shelta moja, mafunzo yanaanza Jumamosi, bure, ila wanataka alama za vidole. Ni kawaida hiyo? Nimeshtuka kidogo.

Dada wa Zamu ya Usiku:
Kawaida, hata mimi walichukua, wanaangalia kama una rekodi ya uhalifu, humo ndani kuna watoto. Nenda. Na usikubali zamu za usiku mfululizo mwezi wa kwanza, watakuomba.