Vikombe vya bia vya Staffordshire vyenye michoro ya bluu: tanuru la umeme litafaa?

Mfinyanzi_Moshi
Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza vikombe kama vile vya bia vya Staffordshire, Uingereza, vya miaka ya 1740 hadi 1770: vyeupe, maua yamekwaruzwa kwa ncha kali, mistari imejazwa bluu, na ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa. Nina tanuru la umeme, linafika 1250°C. Nikitupia chumvi moto ukiwa juu, nitapata ngozi ile? Na udongo mwekundu wa huku utafaa?

TanuruKijenge
Mkuu, usithubutu kuweka chumvi kwenye tanuru la umeme. Ikipita 1200°C inakuwa mvuke: sodiamu inashikana na silika (madini ya mchanga) iliyo kwenye udongo na kufanya kioo juu ya chombo, klorini inatoka kama gesi ya asidi. Mvuke huo utakula nyaya na matofali ya ndani, na gesi ni hatari kwa mapafu. Wafinyanzi wa Staffordshire walichoma kwa makaa ya mawe, chumvi ikimiminwa kupitia matundu ya juu, vikombe vikiwa kwenye makasha ya udongo yaliyotobolewa ubavuni ili mvuke uvifikie vizuri. Wewe paka gleizi angavu (rangi ya kioo inayoonyesha mchoro ulio chini). Vishimo hutavipata, ila mchoro utatoka safi, na kwangu mchoro ndio roho ya kikombe hicho.

Udongo mwekundu achana nao: chuma ni kingi, utavimba na kulegea kabla ya joto hilo. Wao walichanganya udongo mweupe wa Devon na gumegume (jiwe gumu la silika) iliyochomwa ikasagwa. Kaolini (udongo mweupe safi) ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ni nzuri, ila peke yake haifinyangiki. Ongeza udongo mweupe unaonata, felspa (madini yanayosaidia udongo kuyeyuka na kushikana) na silika. Vumbi la silika linaua mapafu. Mwaka 1726 Thomas Benson alipata hataza ya kusaga gumegume ndani ya maji kwa sababu hiyo hiyo. Vaa barakoa, changanya unga ukiwa umelowanishwa.

Mama Vyungu, Sakina
Kaka, kwenye mchoro ndipo wengi wanaharibu. Kwaruza udongo ukiwa umeshika lakini bado wa baridi ukiugusa shavuni. Ukiwa mbichi mno, mstari unaacha kingo za manyoya, ukikauka, unamegeka. Chukua gramu 5 za oksidi ya kobalti kwa gramu 95 za udongo huo huo mweupe, saga na maji hadi uwe uji, jaza mistari kwa brashi. Subiri uji ushike, kisha kwangua kwa bati. Usifute kwa sponji mbichi, bluu itasambaa kikombe kizima. Ukizidisha kobalti, mstari unakuwa mweusi. Vaa glavu, kobalti ni sumu.

Mfinyanzi_Moshi
Asante sana dada. Na magadi ya Ziwa Natron badala ya chumvi?

TanuruKijenge
Kwenye tanuru la kuni au gesi, ndiyo: yayeyushe kwa maji ya moto, nyunyizia kupitia tundu. Hayana klorini nyingi kama chumvi, ila mvuke wake hufuata njia ya moto, hivyo upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Kwenye umeme yanakula nyaya vile vile. Na chini ya kila kikombe weka vidonge vya kaolini na alumina (unga mweupe usioyeyuka kwa joto hilo) nusu kwa nusu, la sivyo vitagandia rafuni.